Sauti Iliyosikika Pretoria

Mwaka 1893 meli iliyokuwa ikimpeleka Mohandas Gandhi Afrika Kusini ilitia nanga Lamu, kisha Mombasa, kisha Unguja. Abiria huyo alikuwa wakili wa miaka 23 ambaye kesi yake ya kwanza mahakamani ilimshinda kwa sababu moja tu: hakuweza kufungua kinywa.

Ilikuwa kesi ndogo ya madai, mjini Bombay, kwa ada ya rupia 30. Aliposimama kumhoji shahidi, kichwa kilimzunguka, maswali yote yakamtoka. Akakaa, akarudisha ada, akaondoka bila hata kujua kesi imeishaje.

Woga huo haukuanzia hapo. Alipokuwa mwanafunzi London alikuwa mjumbe wa kamati ya chama cha watu wasiokula nyama, akahudhuria vikao kimyakimya. Siku aliyokuwa na hoja nzito aliiandika, mwingine akaisoma. Ventnor aliandaa hotuba isiyozidi ukurasa mmoja. Aliposimama macho yakaingia ukungu, mwili ukamtetemeka, na mwenzake akamsomea.

Ninaposoma habari hizi nawafikiria wanafunzi wenzangu wa uzamili. Katika semina, mtu mkimya huhesabiwa kuwa hana la kusema. Ushauri anaopewa ni wa mwilini: vuta pumzi, simama wima, watazame watu usoni. Sibezi ushauri huo. Ila historia ya Gandhi inanielekeza kwingine.

Safari ya kutoka Durban kwenda Pretoria ilimwonjesha waliyokuwa wakionja Wahindi wa huko. Alishushwa kwenye treni Pietermaritzburg ingawa alikuwa na tiketi ya daraja la kwanza, na baadaye akapigwa kwenye gari la farasi. Alipofika Pretoria aliwaita Wahindi wa mji huo, wengi wao wafanyabiashara, wakutane katika nyumba ya mmoja wao. Hapo akatoa hotuba ambayo mwenyewe aliihesabu kuwa ya kwanza maishani mwake.

Hakuanza kwa kuwalaumu wazungu. Alizungumzia ukweli katika biashara, mbele ya watu walioamini kuwa ukweli na biashara havikai chungu kimoja. Akagusia usafi, akawahimiza waunde chama cha kupeleka malalamiko yao bila kujali dini wala eneo la asili. Kisha akajitolea kuwafundisha Kiingereza. Watatu walikubali: kinyozi, karani na mwenye duka dogo. Yeye ndiye aliyewafuata kwao kwenda kuwafundisha.

Ni rahisi kuishia hapa na kusema woga ulishindwa. Haukushindwa. Mwaka 1896, alipokuwa amerudi Bombay kueleza mateso ya Wahindi wa Afrika Kusini, alisimama katika ukumbi uliojaa watu na sauti yake haikufika. Alihimizwa apaze sauti, naye akazidi kutetemeka. Mwishowe Dinshaw Wacha akaisoma hotuba ile, na ukumbi ukamsikiliza kwa makini.

Kwa hiyo sioni Pretoria kama siku alipopona. Naiona kama siku alipokuwa na watu mahususi wa kusema nao, ambao shida yao ilikuwa imemgusa yeye pia, na ambao alikuwa tayari kuwaambia jambo wasilopenda kulisikia. Hao hawakuja kupima ufasaha wake. Na walipotoka walijua wanaweza kurudi kwake hata kwa somo la alfabeti.

Baadaye aliandika kwamba haya yake ilimfundisha kupima maneno. Namwamini, kwa kuwa mtu ambaye kila neno linamgharimu hana la kupoteza bure. Bombay 1896 inaongeza somo jingine: hoja iliyoiva inaweza kufika hata kwa kinywa cha kuazima. Wale wakimya wa semina zetu tuwaulize kwanza wanataka kumwambia nani, na nini. Suala la sauti litafuata.