Chungu cha Mkisi na Haki ya Mfinyanzi

Sisi watu wa pwani wakitajwa wavuvi fikira zetu huenda baharini. Lakini huko Nyanda za Juu za Kusini, mkoani Mbeya, yako maji mengine: Ziwa Nyasa. Mashariki ya Matema milima ya Livingstone yateremka hadi majini, wala haikubakisha ila ukanda mwembamba wa ardhi. Hapo ndipo wakaapo Wakisi, tangu Ikombe hadi ufuko wa Ludewa, wilaya iliyokuwa ya mkoa wa Iringa hadi 2012, na sasa ni ya Njombe.

Pasipo shamba la kutosha, mtu atakula nini? Wanaume walishika nyavu. Wanawake walishika udongo. Mfinyanzi wa Kikisi huumba chungu kwa mikono, hukilainisha, kisha hukichoma. Vyungu vilipakiwa mitumbwini vikapelekwa kwa Wanyakyusa, vikabadilishwa kwa chakula. Bibi Monica Wilson, aliyechunguza mila za nchi hiyo, aliwaeleza watu hawa katika kitabu chake cha 1958. Soko la vyungu la Lyulilo, karibu na Matema, lajulikana kwa siku yake ya Jumamosi.

Basi zingatia. Sheria ya ushirika iliingia Tanganyika mwaka 1932, na vyama vikubwa vikasimama juu ya kahawa na pamba. Mwanachama alikuwa mwenye shamba, naye aghalabu alikuwa mwanamume. Mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu. Sheria ya 1982 ikavirudisha. Mizani yao ilipima mazao. Kazi ya mfinyanzi haipimwi kwa ratili.

Mwanamke aendaye sokoni peke yake hulipa nauli peke yake, hubeba hasara ya kilichovunjika, na jua likichwa hukubali bei ya mchuuzi, kwani kukirudisha chungu ni gharama nyingine. Kumi wakishirikiana hukodi mtumbwi mmoja, hupanga bei moja, na huweka akiba ya kumfaa aliyepatwa na msiba. Upatu twaujua, ushirika wataka zaidi ya upatu: daftari lililo wazi na mshika fedha mwaminifu.

Lakini daftari halifai kitu ikiwa fedha huishia mkononi mwa mume. Sheria ya Ndoa ya 1971 yampa mke haki ya kumiliki mali yake, nasi Waislamu tulikwisha kufundishwa hayo zamani. Jiulize basi: yule asukaye mikeka na kupika maandazi ya kuuza nyumbani mwako, chumo lake wamwachia? Asiyemwachia wa kwake hana la kuwafundisha Wakisi.