Majina ya Buibui wa Utando wa Duara, Kutoka Clerck hadi Vinasaba

Uzio wa minyaa unaozunguka makazi ya Wasukuma huko Bariadi, Itilima na Maswa, mkoani Simiyu, ni mahali pazuri pa kumtazama buibui wa utando wa duara wakati wa mvua. Nyuzi kavu hutoka katikati kama spoku za baiskeli, kisha uzi wa kunata huzungushwa juu yake kutoka ukingoni kuelekea katikati. Kiswahili humwita buibui tu, sawa na yule anayerukaruka ukutani. Sayansi imempa majina mengi, na imeyabadilisha mara kwa mara kwa zaidi ya miaka 250.

Mwanzo wa majina hayo ni Sweden. Mwaka 1757 Carl Clerck alichapa kitabu kuhusu buibui wa nchi yake, akampa kila mmoja jina la maneno mawili. Carl Linnaeus, ambaye kitabu chake cha mwaka 1758 ndicho chanzo rasmi cha majina ya kisayansi ya wanyama, aliwaweka buibui wote katika jenasi moja, Aranea. Kanuni za kimataifa zimemtendea Clerck haki: buibui ndio kundi pekee ambalo majina yaliyomtangulia Linnaeus yanakubaliwa. Kwa hiyo Araneus ya Clerck ikabaki, na kutokana nayo likapatikana jina la familia, Araneidae. Epeira, jina alilolitunga Walckenaer wa Ufaransa mwaka 1805, lilitumiwa vitabuni kwa karne nzima kabla ya kuachwa, kwa kuwa lilikuwa na maana ileile ya Araneus.

Baadhi ya majina ya mwanzo yanahusu buibui wanaopatikana Afrika pia. Peter Forsskål alifariki Yemen mwaka 1763 akiwa katika msafara wa Mfalme wa Denmark, na maandishi yake yakachapwa na mwenzake Niebuhr mwaka 1775. Humo yumo Aranea citricola, yaani mkaaji wa milimau. Leo anaitwa Cyrtophora citricola. Utando wake hauna gundi, hulala kama hema, na mara nyingi huunganishwa na tando za majirani mpaka kichaka kizima kikafunikwa.

Afrika Mashariki iliingia katika orodha hizo kupitia njia za misafara. Vielelezo vilivyotokana na safari za Baron von der Decken vilielezwa na Gerstäcker mwaka 1873, na miongoni mwao alikuwemo buibui mkubwa wa uzi wa dhahabu aliyemwita Nephila sumptuosa. Mwaka 1895 Bösenberg na Lenz walichapa maelezo ya buibui wa Afrika Mashariki waliokusanywa na Franz Stuhlmann mwaka 1888 na 1889. Mwaka 1898 Pocock, aliyefanya kazi makumbusho ya London, alimpa buibui jina nyikae, ambalo ndani yake mna neno letu wenyewe, nyika. Msafara wa Sjöstedt ulikwenda Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 na 1906, na buibui wake wakaelezwa na Tullgren mwaka 1910. Majina ya kale yalifuata pwani, milima mirefu na reli. Nyanda za pamba za Usukuma hazikuwa njiani.

Kasoro kubwa ya kazi hizo ilikuwa kumwainisha mnyama aliyekwisha kufa, akiwa chupani ndani ya spiriti. Rangi hufifia, na utando huwa umeachwa porini. Kwa buibui wa dhahabu kulikuwa na mtego mwingine: jike huweza kujaza kiganja, huku dume akiwa mdogo mno kiasi cha kuonekana kama mgeni aliyepotea kwenye utando wa mwingine. Ndiyo maana wataalamu wa baadaye walitilia mkazo umbo la viungo vya uzazi kuliko rangi.

Friedrich Dahl wa makumbusho ya Berlin aliona mapema kwamba Nephila haikuwa kundi moja. Mwaka 1911 alitenga Trichonephila, jina linalotokana na neno la Kigiriki la nywele. Wenzake hawakulikubali, likalala kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 2019 Matjaž Kuntner wa Slovenia na wenzake walilinganisha vinasaba na kulifufua. Aina nyingi za Afrika, zikiwemo senegalensis, fenestrata na sumptuosa, zikahamia huko; Nephila ikabaki na aina chache, zikiwemo pilipes wa Asia na constricta wa Afrika. Dahl alikuwa sahihi.

Kuhusu familia, mvutano ni mkali zaidi. Buibui wa dhahabu walikuwa pamoja na Araneidae, wakahamishiwa Tetragnathidae, wakapewa familia yao ya Nephilidae mwaka 2006, wakarudishwa Araneidae mwaka 2017, kisha mwaka 2019 wakatengwa tena. Hata duara lenyewe limepoteza uzito wake kama ushahidi. Wapo buibui wa familia ya Uloboridae wanaosuka duara bila gundi, kwa sufi laini inayonasa mdudu, na kwa muda mrefu walidhaniwa kuwa ndugu wa karibu wa Araneidae kwa sababu ya utando huo. Mwaka 2014 tafiti mbili za vinasaba zilivunja undugu huo: ama duara ni la kale sana na limeachwa na wengi, ama limebuniwa zaidi ya mara moja.

Buibui anayeonekana kwenye kuta na chini ya mapaa katika Afrika ya kitropiki amepitia safari hiyohiyo. Fabricius alimwita Aranea cruentata mwaka 1775. Baadaye akawa Nephilengys cruentata, na tangu mwaka 2013 ni Nephilingis cruentata.

Majina yanayokubalika sasa hutunzwa katika orodha ya buibui wa dunia inayosimamiwa na Makumbusho ya Bern, Uswisi, ambayo mwaka 2022 ilifikisha aina 50,000. Mwalimu au mwanafunzi wa Simiyu atakayekuta Nephila senegalensis katika kitabu cha kabla ya mwaka 2019 asidhani ni mnyama mwingine: ndiye Trichonephila senegalensis wa leo.