Koo za furu katika Ziwa Mweru

Ukitaja samaki Nchelenge, mji wa Zambia ulio kando ya Ziwa Mweru, watu watakuambia habari za pale, yule sato mpana, au za chisense wanaoanikwa juani ufukweni. Furu wadogo hawatajwi sana. Lakini historia ya kale kabisa ya ziwa hili imo katika vinasaba vyao.

Mweru ina umri wa takriban miaka milioni moja. Furu wa koo za Ziwa Bangweulu waliingia humo, wakakutana na koo zenye asili ya Kongo. Ungedhani wangegombania chakula hadi upande mmoja ushindwe. Mwaka 2019, Joana Meier, Ole Seehausen na wenzao walichapisha kwenye jarida la Nature Communications matokeo yaliyo kinyume kabisa. Kule Bangweulu, ambako washindani walikuwa wachache, koo hazikuchanganyika, na spishi mpya hazikuzuka kwa wingi. Mweru, koo hizo tofauti zilizaliana, na machotara wao wakawa chanzo cha makundi kadhaa ya spishi, kila kundi na umbo lake na riziki yake. Badala ya kungoja mabadiliko mapya ya jeni, ambayo huja polepole mno, walirithi jeni za pande mbili zikiwa tayari, zikapangwa upya.

Mengi tunayoyajua kuhusu jeni za samaki yametoka maabara, kwa zebrafish, samaki mdogo mwenye mistari wa Asia ya Kusini. Huko mtafiti huzima jeni moja, akaangalia kinachokosekana. Mweru ilichanganya jeni bila mkono wa mtu, kwa vizazi na vizazi.

Kilichojengwa polepole hivyo chaweza kuharibiwa upesi, ndiyo maana yaliyompata samaki aitwaye mpumbu yananiuma. Huyu si furu. Ni ndugu wa ningu wa Ziwa Viktoria. Msimu wa mvua alikuwa akipanda Mto Luapula kutaga mayai, na nyavu zikimngoja njiani. Wafanyabiashara Wagiriki wa Kasenga, upande wa Kongo wa mto huo, walinunua samaki wa kulisha wachimbaji shaba wa Katanga. Kufikia mwisho wa miaka ya 1940, mpumbu alikuwa amekwisha kuporomoka.

Leo Zambia hufunga uvuvi katika sehemu nyingi kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, ili samaki wazaliane. Furu wengi wa Mweru bado hawana majina ya kisayansi, hivyo wakipungua, hakuna takwimu za uvuvi zitakazowaonyesha.