'Bure' si 'huru': Funzo la zamani la Kibra kwa wenye simu za leo

JUMATATU moja asubuhi mpwa wangu alinijia nyumbani hapa Olympic, mtaani Kibera, simu mkononi na machozi yakimlengalenga. Alikuwa akisubiri kupigiwa kuhusu kazi aliyoomba. Simu yenyewe ilikuwa karibu mpya, ina chaji, ina laini, na haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Ila kioo chote kilikuwa kimefunikwa na ujumbe wa kumtaka alipe ili aendelee kuitumia. Alikuwa ameichukua kwa mkopo wa kulipa kila siku, na kwa siku tatu mfululizo pesa zilikuwa zimemkwama.

Tulishuka hadi kwa fundi mmoja karibu na steji. Aliigeuza mara mbili, akaiweka mezani.

"Mwalimu, kioo kingekuwa kimepasuka ningebadilisha saa hii. Hii haijaharibika, imefungwa. Hata nikiiflash, ikishika tu mtandao inajifunga tena. Hii simu bado si yenu."

"Si ameshalipa zaidi ya nusu?" nikauliza.

"Hata abakishe mbao, bado si yake."

Hapo mpwa wangu akasema maneno yaliyonifanya nikae kuandika makala haya: "Lakini mjomba, waliniambia programu zote ziko ndani ni za bure!"

Kweli, zilikuwa za bure. Hakudanganywa. Lakini hakuna hata moja kati ya programu hizo za bure iliyoweza kumpokelea simu moja asubuhi ile. Kiswahili kina neno la kile alichokikosa, nalo si 'bure'. Ni 'huru'. Sisi walimu wa lugha tumelifungia neno hili katika siasa, tukalitoa kila Jamhuri na Madaraka, kisha tukalirudisha kabatini. Leo nataka tulitoe tuliangalie upya, kwa sababu historia yake katika teknolojia inatuhusu kuliko tunavyodhani.

Tuanze na 'bure'. Msomaji anajua kwamba neno hili lina nyuso mbili. Kitu cha bure ni kile kisicholipiwa. Lakini pia tunasema 'kelele za bure', 'amejisumbua bure', yaani pasipo faida. Januari 2003, serikali mpya ya Mwai Kibaki ilipofuta karo katika shule za msingi za umma, wazazi wa Kibera walimiminika kuwaandikisha watoto. Mitaani tulisema 'elimu ya bure'. Watu rasmi walipendelea 'elimu bila malipo', nadhani kwa kuuogopa ule uso wa pili. 'Bure' hutuambia bei ya kitu, na pengine thamani yake. Haituambii lolote kuhusu nani mwenye mamlaka juu yake.

'Huru' ni habari nyingine kabisa. Neno hili lina asili ya Kiarabu, na katika pwani yetu lilikuwa na maana nzito ya kisheria: mtu huru ni yule asiye mtumwa, asiyemilikiwa na mwingine. Mtumwa angeweza kupewa chakula, nguo na malazi bila kulipa hata pesa moja. Angekuwa na vitu vya bure, asiwe huru. Wazee waliounda lugha hii hawakuweza kuyachanganya maneno haya mawili, kwa sababu kuyachanganya kungekuwa kuchanganya shibe na utu.

Kiingereza hakikujaliwa utengano huo. Neno moja, 'free', hubeba mizigo yote miwili, na historia ya programu za kompyuta imesumbuliwa na neno hilo kwa miongo minne. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mtaalamu wa Marekani aitwaye Richard Stallman alikuwa akifanya kazi katika maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT. Printa ya maabara ilikuwa na tabia ya kukwama karatasi. Printa iliyotangulia aliwahi kuirekebishia programu ili iwaarifu watu inapokwama. Hii mpya hakuweza kuigusa, kwa sababu msimbo wake, yaani yale maagizo yaliyoandikwa na watunzi wa programu, ulikuwa umefichwa. Alipomwomba mtaalamu wa chuo kingine aliyekuwa nao, akanyimwa: mwenzake alikuwa ameahidi kwa maandishi kutoutoa.

Msomaji ataona kwamba Stallman alisimama mbele ya printa ile kama fundi wetu alivyosimama mbele ya simu. Ujuzi anao, mikono anayo, ruhusa hana.

Mwaka 1983 Stallman alitangaza mradi wa GNU, na mwaka 1985 akaanzisha shirika la Free Software Foundation. Alidai mtumiaji awe na haki nne: kuitumia programu kwa shughuli yoyote, kuichunguza na kuibadilisha, kuwagawia wengine nakala zake, na kugawa pia nakala alizozirekebisha. Hakukataa watu kuuza programu. Lakini kila aliposema 'free', wasikilizaji walisikia 'bure'. Wafuasi wake wameeleza tofauti hiyo hadi wakachoka, wengine wakaazima 'libre' ya Kifaransa na Kihispania. Mwaka 1998 kundi jingine likaamua kuliacha kabisa neno hilo, likabuni 'open source' ili kuwavutia wafanyabiashara. Laiti wangelikuwa Waswahili! Wangesema 'programu huru' siku ya kwanza, na hakuna mtoto wa Kibera angewauliza ni ya shilingi ngapi.

Hata hivyo, Kiswahili nacho hakikulala. Kulikuwa na neno la tatu, 'huria'. Kenya tulilifahamu sana miaka ya 1990 kupitia 'soko huria', na kwa wengi lilikuwa na uchungu, maana lilikuja na kufungwa kwa viwanda na kupunguzwa kwa wafanyakazi. Tanzania walilipa sura ya kupendeza zaidi. Mwaka 1992 sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ilipitishwa: chuo ambacho mlango wake uko wazi kwa mtu popote alipo. Wataalamu wa lugha na wa kompyuta walipotafuta istilahi ya programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, 'programu huria' ilikaa vizuri mdomoni, ikashika.

Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kiofisi ya kuandikia na kupigia hesabu, yote kwa Kiswahili. Kazi hiyo ilikuwa sehemu ya mradi wa Kilinux, na iliwezekana kwa sababu moja kubwa: OpenOffice ilikuwa huria. Hakuna aliyehitaji kwenda ng'ambo kupiga magoti ili maandishi ya kwenye kioo yawe kwa lugha yetu. Mwaka huohuo, Microsoft nayo ilitangaza mpango wa kuleta Kiswahili katika programu zake. Sisemi kazi ya kampuni hiyo ilikuwa mbaya, iliwafaa wengi. Lakini zipime njia hizo mbili. Kwa upande mmoja Mswahili alialikwa kushauri nyumbani kwa mtu. Kwa upande wa pili alikuwa na ufunguo.

Turudi Kenya. Januari 2008, nchi ikiungua baada ya uchaguzi, na Kibera ikiwa miongoni mwa sehemu zilizoumia, Wakenya na rafiki zao, miongoni mwao Ory Okolloh, Juliana Rotich, David Kobia na Erik Hersman, waliunda programu ya kukusanya taarifa za ghasia kutoka kwa raia na kuziweka kwenye ramani. Waliipa jina la Kiswahili, Ushahidi, na baadaye wakaiachia iwe huria. Tetemeko lilipoipiga Haiti Januari 2010, programu hiyohiyo ilitumika huko. Jina halikutafsiriwa.

Kufikia mwisho wa 2009 zamu ilikuwa ya Kibera yenyewe. Mtaa uliojulikana duniani kote kwa picha za mabati yake ulikuwa nafasi tupu katika ramani za mtandaoni. Vijana wa hapa, wakiongozwa na mradi wa Map Kibera, walitembea vichochoroni na vifaa vya GPS, wakaandika vyoo, vituo vya maji, zahanati, shule na makanisa. Kazi yao waliiweka katika OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Yeyote anaweza kuitumia ramani hiyo, kuisahihisha na kuinakili, mradi ataje ilikotoka na aiache wazi kwa mwingine kama alivyoikuta. Mwaka uliofuata, ramani hiyo ilitumiwa pamoja na Ushahidi kuanzisha Voice of Kibera, mahali pa wakazi kutoa habari zao wenyewe.

Kwa nini jambo hili linanigusa? Kwa sababu Kibera iliijua tofauti ya 'bure' na 'huru' kabla hatujasikia neno kompyuta, na iliijulia kwenye udongo. Mwanzoni mwa karne ya 20, askari wenye asili ya Sudani waliowatumikia Waingereza, ambao vizazi vyao tunawaita Wanubi, waliruhusiwa kukaa hapa. Jina lenyewe la Kinubi, Kibra, lina maana ya msitu. Waliikata miti, wakajenga, wakalima, wakazika wafu wao. Hawakuuziwa ardhi, walipewa kama shukrani ya utumishi. Lakini walichopewa kilikuwa kibali. Serikali ya kikoloni iliwahesabu kama wapangaji wa kuondolewa wakati wowote itakapopenda. Uhuru ulipofika mwaka 1963, kibali hakikugeuka hati. Ilibidi kusubiri hadi 2017 ndipo jamii hiyo ikakabidhiwa hati ya ekari 288, sehemu ndogo tu ya Kibra ya zamani.

Sasa chukua simu yako. Siku ya kwanza ulipoiwasha, ulionyeshwa maandishi marefu, ukabonyeza 'nakubali' bila kusoma. Nami hubonyeza. Maandishi yale ni leseni, na leseni ni kibali. Programu ni ya bure, nawe ni mpangaji wake. Aliyekupa anaweza kuibadilisha usiku umelala, anaweza kuiondoa, na kama uko kwenye mkopo, anaweza kukufungia nje. Tena kuna kinaya kinachoniuma. Simu ya mpwa wangu ni ya Android, na kiini cha Android ni Linux, programu iliyoanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991 na ambayo ni huria hadi leo. Tumboni mwake simu ile ni huria. Kufuli imetiwa juu.

Nilimweleza fundi haya yote. Alinisikiliza huku akichomelea waya, kisha akanijibu bila kuinua macho: "Mwalimu, uhuru haujazi tumbo. Bila huo mkopo huyu dada angeshika simu kama hii lini?"

Ana haki ya kuulizwa hivyo mtu anayehubiri uhuru kwa wenzake. Pasipo bei nafuu na mikopo, wengi wetu tungekuwa bado tunapanga foleni kwenye vibanda vya simu. Lakini kubali kilicho nafuu bila kusahau kuuliza swali la pili. Mwaka 2014 Facebook ilileta Kenya, kupitia Airtel, mpango wa kuwawezesha watu kuingia katika tovuti chache bila kulipia data. Mwaka uliofuata ukaitwa Free Basics. Waliufurahia wengi. Lakini Wahindi waliuliza swali la pili: ni nani anayechagua tovuti hizo? Februari 2016 wadhibiti wa mawasiliano wa India wakaupiga marufuku mpangilio wa namna hiyo. Neno 'free' katika jina la mpango ule lilikuwa 'bure'. Wengi walilisikia kama 'huru'.

Ndiyo maana nasema lugha yetu ni silaha iliyolala. Tuitumie hivi: 'programu ya bure' ni ile isiyolipiwa, 'programu huria' ni ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, na 'programu huru' ni ile inayomwachia mtumiaji haki zake zote nne. Mbili za mwisho mara nyingi hukutana katika programu moja, lakini ya kwanza inaweza kusimama mbali nazo kabisa. Walimu wenzangu, tuwafunze watoto tofauti hii darasani wanapojifunza visawe, maana hivi si visawe.

Adhuhuri ile nililipa deni la siku tatu. Simu ilifunguka yenyewe, pasipo fundi kuigusa. Ujumbe ukaingia kwamba alikuwa amepigiwa mara mbili asubuhi. Alipopiga, nafasi ilikuwa imepewa mwingine.

Alimaliza kulipa miezi kadhaa baadaye, akaja kunionyesha kwa furaha. "Mjomba, sasa ni yangu." Nikamwomba ajaribu kufuta programu moja aliyoikuta ndani na ambayo hakuwahi kuitumia. Akabonyeza, akabonyeza tena. Ikakataa kufutika.

Akaniangalia, akacheka kidogo. "Basi hii ilikuwa ya bure tu."