Nani amlipe mwalimu? Habari ya fedha za masomo katika Kongo

Kila mwanzo wa mwaka wa masomo swali moja husikiwa katika miji na vijiji vyetu: nani amlipe mwalimu? Wazazi husema: ni kazi ya Serikali. Serikali husema: fedha zimekwisha kutumwa. Mwalimu naye husema: sijaziona. Wengi hufikiri ya kuwa swali hili lilizaliwa jana. Sivyo. Umri wake umepita miaka mia, na asiyejua mwanzo wake hajui pa kulishikia. Basi tufuate njia ya fedha hizo, tangu siku za babu zetu mpaka leo.

1. Ardhi badala ya fedha

Tangu mwaka 1885 Kongo ilikuwa chini ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Serikali yake, ambayo watu waliiita Bula Matari, haikushughulika sana na masomo. Kwa amri ya mwaka 1890 ilianzisha makao machache ya kufundisha watoto yatima, kama vile Boma na Nouvelle-Anvers, na wengi wa watoto hao waliandaliwa kuwa askari. Masomo mengine yote yalikuwa ya misioni.

Tarehe 26 Mei 1906 Serikali hiyo na Baba Mtakatifu wa Roma walifunga mapatano. Serikali iliahidi kutoa bure, kwa kila kituo cha misioni, shamba la hektari 100 mpaka 200. Misioni nayo iliahidi kujenga masomo, kufundisha watoto kulima na kazi za mikono, kuweka lugha za Ubelgiji katika mafundisho, na kumwonyesha Gavana Mkuu utaratibu wa masomo hayo.

Angalieni vizuri jambo hili. Serikali ililipa kwa ardhi, lakini ardhi hiyo ilikuwa ya nani? Haikutoka Ubelgiji ndani ya meli. Ilikuwa ya wenyeji, na wengi wao hawakuulizwa. Basi tukitaka kusema kweli, wa kwanza kulipia masomo ya Kongo walikuwa wazee wetu wenyewe.

2. Kodi na msaada

Mwaka 1908 Kongo ikawa koloni la Ubelgiji. Sheria kubwa ya mwaka huo iliamuru ya kuwa sanduku la Kongo na sanduku la Ubelgiji yatengwe kabisa: mali na madeni ya kila upande mbali. Maana yake ni nini? Gharama za Kongo zilipwe kwa mapato ya Kongo, yaani ushuru wa forodha, mali ya migodi na kodi ya watu. Amri ya mwaka 1910 iliweka kodi ya kichwa, na polepole kila mwanamume mwenye nguvu alipaswa kutafuta franka za kuilipa.

Lakini miaka ikapita, na sehemu ndogo sana ya fedha hizo ilirudi kwa watoto. Mwaka 1922 Waziri wa Makoloni, Louis Franck, aliita tume itazame mambo ya masomo. Matunda yake yalionekana katika miaka ya 1925 na 1926. Serikali na misioni walifunga mapatano ya miaka ishirini: misioni iendeshe masomo, Serikali itoe msaada wa fedha kila mwaka. Masharti yalikuwa wazi. Ufuatwe utaratibu uliokubaliwa, walimu wawe na ujuzi, daftari ziandikwe, na mkaguzi apite kutazama. Utaratibu wenyewe ulichapishwa mwaka 1929.

Mpango huu ulikuwa na nguvu, maana fedha zilifuata kazi iliyoonekana kwa macho. Lakini ulikuwa na kasoro mbili. Kwanza, msaada ulitolewa kwa misioni zilizoitwa za taifa la Ubelgiji, karibu zote za Kikatoliki. Mtoto wa kijiji chenye misioni ya Kiprotestanti hakuhesabiwa, ingawa baba yake alilipa kodi ileile. Pili, masomo mengi madogo ya vijijini, penye katekista na ubao mmoja, hayakutimiza masharti. Hayo yaliishi kwa mikono ya wazazi: wao walikata miti, wao walikandika udongo, wao walileta unga na kuku.

3. Magomvi ya wakubwa

Mwaka 1946 Waziri Robert Godding aliamua ya kuwa misioni za Kiprotestanti nazo zipate msaada, na utaratibu mpya wa mwaka 1948 ukatimiza neno hilo. Hii ilikuwa haki iliyochelewa.

Mwaka 1954 akaja Waziri Auguste Buisseret. Yeye alitaka Serikali iwe na masomo yake yenyewe kwa watoto Wakongo, yasiyokuwa chini ya dini yoyote. Alituma wataalamu watatu, Coulon, Deheyn na Renson. Waliporudi walilaumu sana masomo ya misioni. Waziri akataka kupunguza msaada. Maaskofu wakakataa, na ugomvi ukawa mkubwa mpaka Brussels, ambako vyama vya Ubelgiji vilikuwa vikigombana juu ya masomo ya nchi yao wenyewe. Mwishoni walipatana, na masomo ya aina zote mbili yakaendelea pamoja.

Wazazi Wakongo walitazama magomvi haya, lakini hawakuwa na kiti mezani. Wengine walifurahi kupata masomo ya Serikali, wengine walibaki na misioni. Lakini nani aliyewaonyesha hesabu? Hakuna. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi.

4. Uhuru na majimbo

Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, watoto zaidi ya 1,500,000 walikuwa katika masomo ya msingi. Hesabu hiyo ilikuwa kubwa katika Afrika ya wakati ule. Lakini waliomaliza masomo ya juu walikuwa wachache mno, wa kuhesabiwa kwa vidole vya mikono na miguu. Nyumba ilikuwa na msingi mpana bila paa.

Serikali mpya ilirithi pia swali la majimbo: mwalimu alipwe na Kinshasa, ambayo wakati ule iliitwa Leopoldville, au alipwe na jimbo? Majimbo sita ya wakati wa uhuru yalikatwa kufikia mwaka 1963 yakawa 21. Mengi hayakuwa na mapato ya kutosha, na vita vilipita katika nchi. Mwaka 1966 Jenerali Mobutu aliyapunguza, kwanza yakawa 12, halafu 8. Tangu hapo kila franka ilitazamwa kutoka mji mkuu.

Mwishoni mwa mwaka 1974 Serikali ya Mobutu ilitwaa masomo yote ya dini. Lakini kutwaa ni rahisi, kulisha ni kazi. Baada ya miaka miwili tu masomo yaliharibika, na tarehe 26 Februari 1977 Serikali ilifunga mapatano mapya na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu. Waislamu walifuata baadaye. Masomo yabaki mali ya taifa. Serikali ilipe walimu na kuweka utaratibu. Dini iongoze kazi ya kila siku. Mpango huo ndio tunaouona mpaka leo katika masomo mengi.

5. Maji yaliyopanda mlima

Basi ikaja miaka ya njaa. Bei za madini zilianguka, madeni yakazidi, sanduku la Serikali likatobolewa na wakubwa waliolilinda. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mshahara wa mwalimu haukutosha hata mfuko wa unga. Walimu waligoma, na mwaka wa masomo wa 1991-1992 ulipotea.

Ili watoto wasibaki njiani, wazazi na viongozi wa dini walikubali jambo la muda: kila mzazi atoe kitu kidogo kumsaidia mwalimu. Lilikuwa tendo la wema, na bila hilo milango mingi ingalifungwa. Lakini jambo la muda likageuka desturi. Tena fedha za wazazi hazikubaki katika darasa. Sehemu ilipanda kwa ofisi ya mtaa, sehemu kwa ofisi ya jimbo, sehemu juu zaidi. Ofisi za Serikali na za dini pia. Zamani fedha zilishuka kutoka juu kwenda kwa mtoto. Sasa zilipanda kutoka kwa mtoto kwenda juu. Ni nani aliyepata kuona maji yakipanda mlima? Sisi tuliyaona, kwa zaidi ya miaka ishirini.

6. Sheria nzuri, sanduku tupu

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 ilisema maneno makubwa. Kifungu cha 43: masomo ya msingi katika shule za Serikali ni lazima, tena ni bure. Kifungu cha 175: katika mapato ya taifa, sehemu 40 kwa kila 100 ni za majimbo, nazo zishikwe palepale zinapokusanywa, zisiende Kinshasa kwanza. Kifungu cha 181: liwekwe sanduku la kusawazisha majimbo, ili jimbo maskini lisiachwe nyuma na jimbo lenye shaba. Mwaka 2015 majimbo yakawa 26.

Lakini kwa miaka mingi zile sehemu 40 hazikushikwa palepale. Mapato yalikwenda Kinshasa, nayo Kinshasa ikarudisha kiasi ilichotaka, siku iliyotaka. Jimbo lilipewa kazi kubwa ya masomo, halikupewa mfuko.

Mwezi wa Septemba 2019 Serikali ilitangaza ya kuwa masomo ya msingi ni bure kweli. Mamilioni ya watoto waliingia, na hii ni furaha ambayo asiwepo mtu wa kuidharau. Mwaka 2020 Benki ya Dunia ilikubali kutoa dola milioni 800 kusaidia kazi hiyo. Lakini darasa la watoto 50 likawa la watoto 100 na zaidi. Walimu wengi walikuwa bado hawajaandikwa katika orodha ya mishahara, na wazazi walikuwa wamekatazwa kuwapa kitu. Wakaguzi wa fedha walikuta shule za uongo na walimu wasiokuwako ndani ya hesabu. Mwaka 2024 walimu waligoma tena mwanzoni mwa masomo.

7. Tujifunze nini?

Tazameni nyuma. Mfalme, koloni, Jenerali, Katiba: kila wakati kulikuwa na mapatano yaliyoandikwa vizuri. Tena kila wakati mzazi ndiye aliyelipa, kwa ardhi, kwa kodi, kwa miti ya nyumba, au kwa franka za mkononi. Tusikubali basi mtu atuambie ya kuwa masomo ni zawadi. Ni mali yetu inayoturudia.

Na palipoharibika, sababu haikuwa umaskini peke yake. Kumbukeni utaratibu wa mwaka 1929. Nguvu yake ilikuwa daftari na mkaguzi. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini hata daftari ya wakati ule ilikosa kitu kimoja: aliyelipa hakuruhusiwa kuisoma.

Kwa hiyo, ninyi wazazi, mkutano wa shule ukiitwa, nendeni. Ulizeni bila matusi wala woga: mwezi huu fedha gani zimefika? Walimu wangapi wako katika orodha, na wangapi wanafundisha bila mshahara? Fedha zimetumika kwa nini? Majibu yaandikwe, yasomwe kwa sauti mbele ya wote, na karatasi ibandikwe ukutani. Mwalimu asiyelipwa apelekewe habari zake kwa mbunge wa jimbo kwa jina na kwa hesabu. Hayo hayataponya kila kitu. Lakini mwizi huogopa taa kuliko kelele, na taa ya namna hii haihitaji dola milioni 800. Yahitaji kalamu, karatasi na watu wachache wasiochoka.