Nafuu Si Kupona: Kipimo cha Kazi kwa Walioumia Ubongo Tunduma

Kiswahili hutenganisha kupata nafuu na kupona, na mzungumzaji wake hahitaji kuelezwa tofauti hiyo. Makala haya yanadai kwamba kwa mtu aliyeumia ubongo, siku ya nafuu ina hatari yake, tena kubwa, na kwamba utengamao mkoani Songwe ungefaa zaidi ukianzia kwenye neno hilo kuliko kwenye agizo fupi la "nenda kapumzike".

Tunduma, mpakani mwa Songwe na Zambia, ni mji wa mwendo. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019, lakini foleni za malori yaendayo Zambia hazikuisha, na katikati ya malori hayo hupenya bodaboda, mara nyingi abiria akiwa hana helmeti. Dereva anayeumia kichwa vibaya hupelekwa hospitalini Vwawa au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Wengine hufikishwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, zaidi ya kilomita 900 kutoka mpakani. Akirudi, mshono umefunga na nywele zimeota. Kwa macho ya wenzake wa kijiweni, amepona.

Hajapona. Ubongo ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu zote za mwili uliotulia. Ukishajeruhiwa, kazi ile ile huugharimu zaidi. Ndiyo maana uchovu huu haufanani na ule wa kubeba mizigo. Kijana anaweza kunyanyua gunia la mahindi asubuhi, na jioni, honi zikilia, akashindwa kugeuza kwacha kuwa shilingi kichwani, hesabu aliyokuwa akiifanya huku akiwasha pikipiki. Atamfokea mama yake bila sababu. Nyumbani watasema amekuwa mvivu, au ana kiburi, au amerogwa. Hilo la mwisho lisidharauliwe: tabia ikibadilika na kidonda hakionekani, watu hutafuta maelezo, na kama hospitali haikuyatoa, yatatoka kwingine.

Je, alale tu? Ushahidi unakataa. Mwaka 2015, Danny Thomas na wenzake huko Milwaukee, Marekani, walilinganisha vijana waliopata mtikisiko wa ubongo: wengine walipewa siku 5 za mapumziko makali, wengine siku 1 hadi 2 kisha kurejea shughuli hatua kwa hatua. Waliofungiwa ndani ndio walioripoti dalili nyingi zaidi. Mwaka 2019, John Leddy na wenzake walionyesha kwamba vijana waliofanya mazoezi mepesi yaliyopimwa walipona kwa takriban siku 13, dhidi ya 17 za wenzao waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo tu. Tafiti hizo zilihusu majeraha mepesi, na si halali kuzihamishia kwa aliyefunguliwa fuvu. Kwake safari ni ya miezi, pengine miaka. Hata hivyo, kinachojitokeza ni kwamba shughuli yenyewe ni sehemu ya tiba, ilimradi isizidi kiasi ambacho ubongo unaweza kukibeba siku hiyo.

Hapo ndipo nafuu inapodanganya. Mgonjwa aliyelala siku tatu huamka Jumatano kichwa kikiwa chepesi, akafua, akaenda sokoni, akapokea simu kumi, akakesha na wageni. Alhamisi na Ijumaa hawezi kuinuka. Wafanyabiashara wa Tunduma wana jina la kosa hilo: kula mtaji. Anayelijua vizuri dukani atalielewa upesi kitandani, akielezwa hivi: simama wakati bado unaweza kuendelea, na usiongeze kesho kabla ya kuona leo imekugharimu nini.

Pingamizi kubwa si la kitabibu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Dereva wa bodaboda hana mwajiri wa kumdai siku hizo. Ana mwenye pikipiki anayesubiri hesabu, yaani malipo yake. Kumwambia apunguze mwendo bila kugusa hesabu hiyo ni kumpa ushauri asioweza kuutumia. Kwa hiyo daktari akiandika saa za kazi badala ya neno "apumzike", karatasi hiyo isomwe pia na mwenye chombo. Kuendesha kuwe kazi ya mwisho kurudiwa, baada ya daktari kuridhia, kwa sababu kunadai macho, masikio na uamuzi wa haraka kwa pamoja, na kuanguka mara ya pili kunaweza kuua. Kabla yake kuna kuosha pikipiki, kupanga zamu na kutunza daftari la michango, kwa saa chache na kwa mapumziko.

Vijiwe vingi huchangishana mwanachama anapofiwa. Nawasihi viongozi wa vijiwe vya Tunduma, Vwawa na Mlowo waufungue mfuko huo kwa mwenzao aliye hai: akirudi kutoka Mbeya, kaeni na mwenye pikipiki mkubaliane nusu hesabu kwa miezi kadhaa, na funguo za chombo zisubiri.