Dracula alirudi kwa cheti cha shule, zombi akaachwa mlangoni

Unamkumbuka Blade, yule muuaji wa vampaya aliyechezwa na Wesley Snipes kwenye muvi ya 1998? Jamaa alianzia kwenye komiki, mwaka 1973, toleo la 10 la The Tomb of Dracula. Miaka mitatu tu kabla ya hapo asingetoka, maana vampaya walikuwa wamepigwa marufuku kwenye komiki za Marekani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 komiki za kutisha zilikuwa zinauzwa kama njugu. Maiti zinafufuka, mume anamuua mke, mke anatoka kaburini kudai chake. Wazazi wakaja juu. Daktari mmoja wa magonjwa ya akili akaandika kitabu kizima kudai komiki zinaharibu watoto, na Aprili 1954 kamati ya Seneti ikakaa New York kulisikiliza suala hilo. Mchapishaji mmoja alijipeleka mwenyewe kutoa ushahidi. Akaonyeshwa jalada la komiki yake: mwanaume kashika shoka mkono mmoja, kichwa cha mwanamke mkono wa pili. Akaulizwa kama hicho ni kitu cha kistaarabu. Akajibu kwamba kwa komiki ya kutisha, ndiyo. Basi, kaburi kajichimbia mwenyewe!

Serikali haikutunga sheria. Wachapishaji ndio waliogopa, wakaunda chombo chao cha kukagua kila ukurasa. Huna muhuri wao, wasambazaji wengi hawaugusi mzigo wako. Vampaya nje, zombi nje, mtu anayegeuka mbwamwitu nje. Hata kuweka neno "kutisha" kwenye jina la komiki ikawa marufuku.

Kuna kampuni moja haikujali. Ilikuwa inatoa Classics Illustrated, yaani riwaya maarufu zilizochorwa, na Frankenstein yao ilikuwa sokoni tangu 1945. Wakasema wao wanatoa elimu, muhuri wa nini? Zimwi lililoungwa kwa vipande vya maiti likaendelea kuuzwa kwa watoto wale wale, kisa tu limetoka kwenye kitabu cha Mary Shelley.

Wengine wakatafuta uchochoro. Jarida la Creepy, lililoanza 1964, lilichapwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, kwa ukubwa wa jarida la kawaida, hivyo halikuhesabika kama komiki. Humo hadithi za Edgar Allan Poe zilichorwa bila kuomba ruhusa ya mtu.

Mwaka 1971 masharti yakalegezwa, na hapa ndipo pana utamu. Vampaya na wenzake waliruhusiwa kurudi, ilimradi wachorwe kwa mtindo wa vitabu vya heshima vinavyosomwa mashuleni. Majina yakatajwa kabisa: Frankenstein, Dracula, Poe, Saki, Conan Doyle. Mwaka uliofuata Dracula akapata komiki yake, iliyofika matoleo 70.

Zombi je? Hakuruhusiwa. Si kwamba anatisha kuliko mnyonya damu. Hakuwa na mwandishi mkubwa wa kumdhamini. Zombi katoka Haiti, kwenye simulizi za watu ambao mababu zao walitolewa Afrika na kufanywa watumwa. Hakuna mwalimu wa Kiingereza aliyekuwa anamfundisha darasani. Dracula ana kitabu cha 1897, ana kasri, ana cheo cha ukabaila. Huyu mwingine ana hadithi za bibi na babu tu, na hizo kwa wakaguzi hazikuwa fasihi.

Marvel wakaona isiwe tabu. Wakachukua neno "zuvembie" kutoka hadithi ya zamani ya Robert E. Howard, wakaendelea kuchora maiti zinazotembea, ngozi inachubuka vile vile, macho meupe vile vile. Wakaguzi wakagonga muhuri.